Angeweza Kusema Neno Tu

Andiko kuu: Marko 1:40–45
Soma pia: Mathayo 8:5–13, Marko 5:24–34, 1 Timotheo 5:1–2

 

Fungua Marko sura ya kwanza, weka kidole kwenye mstari wa 40. Mtu mwenye ukoma anakuja kwa Yesu, anapiga magoti, anamwambia kwamba akitaka anaweza kumtakasa. Yesu anamhurumia. Halafu kabla ya kujibu ombi lake, ananyosha mkono na kumgusa. Ndipo anasema kwamba anataka, na ukoma unaondoka.

Angalia mpangilio vizuri. Huruma, mkono, neno, uponyaji. Mkono ulifika wakati ukoma bado upo. Yesu hakungoja ngozi isafike ndipo aishike. Alishika ngozi ikiwa na vidonda.

Sasa swali la leo ni hili: kwa nini alimgusa? Usijibu haraka kwamba ni kwa sababu uponyaji unahitaji mkono. Hauhitaji. Nenda Mathayo sura ya 8. Habari ya mkoma iko pale mwanzoni, na mara baada yake anakuja yule akida wa Kapernaumu. Mtumishi wake amelala nyumbani, amepooza. Akida anasema Yesu asijisumbue kufika, aseme neno tu. Yesu akasema, na mtumishi akapona saa ileile, bila hata kuonana na aliyemponya. Neno peke yake lilitosha kuvuka nyumba, barabara na ukuta.

Basi angeweza kumwambia mkoma neno tu, akiwa amesimama mbali, na mtu angepona. Ukoma ungeondoka kwa neno. Lakini huyu mtu alikuwa na ugonjwa mwingine ambao ukoma ulimwachia. Torati, Walawi 13:45–46, ilimtaka avae nguo zilizoraruliwa, afunike mdomo, apige kelele kwamba yeye ni najisi, akae peke yake nje ya kambi. Luka alikuwa tabibu, na yeye anaandika kwamba huyu mtu alikuwa amejaa ukoma. Hebu fikiria ni muda gani hakuna mama aliyemshika bega, hakuna mtoto aliyemkalia mapajani, hakuna rafiki aliyempa mkono. Neno lingeiponya ngozi. Mkono ulimponya mtu.

Mwambie aliye karibu nawe: Yesu hakuogopa.

NGOZI ILIYOUMBWA ISIKIE UPENDO

Mungu aliumba ulimwengu kwa kusema. Alisema na nuru ikawa. Lakini alipofika kwa mwanadamu, Mwanzo 2:7 inatuonyesha Mungu akifinyanga udongo. Kufinyanga ni kazi ya mikono. Kwa hiyo usishangae kwamba wanasayansi wanapoichunguza ngozi yetu wanakuta mambo ya ajabu.

Mwaka 2021 Tuzo ya Nobel ya tiba ilipewa watu wawili wanaofanya kazi Marekani, David Julius na Ardem Patapoutian. Huyu wa pili alizaliwa Beirut, Lebanoni. Julius alitumia kile kitu kinachofanya pilipili iwashe, akagundua mlango mdogo kwenye mishipa ya fahamu unaotuambia kwamba kitu ni moto. Patapoutian na wenzake waligundua milango mingine inayofunguka ikibonyezwa, yaani ndiyo inayofanya mwili ujue kwamba umeguswa. Wakaiita Piezo, kutoka neno la Kigiriki la kubonyeza. Wale mnaosoma Agano Jipya la Kigiriki mtalikuta neno la ukoo huohuo kwenye Luka 6:38, pale Yesu anaposema juu ya kipimo kilichoshindiliwa.

Lakini kuna jambo lililonigusa zaidi. Mishipa inayotuambia tumeshikwa wapi na kwa nguvu gani hupeleka habari kwa mbio sana, makumi ya mita kwa sekunde moja.  Watafiti wa Sweden, kina Åke Vallbo na Håkan Olausson, walichunguza aina nyingine ya mishipa kwenye ngozi yenye vinyweleo, kama mkononi na mgongoni. Hii ni ya polepole, hupeleka habari kwa mwendo wa mita moja hivi kwa sekunde. Haina haraka. Nayo huamka zaidi ngozi ikipapaswa taratibu, sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, na kitu chenye joto kama la mkono wa mtu. Habari zake zinafika sehemu za ubongo zinazohusika na hisia za ndani.

Mama, ukimpapasa mtoto wako mgongoni alale, hakuna aliyekufundisha mwendo. Huendi na rula. Lakini mkono wako unaenda kwa mwendo uleule ambao hiyo mishipa inausubiri. Aliyeutengeneza mkono ndiye aliyeutengeneza mgongo. Utukufu kwa Mungu!

Na si raha tu, ni uhai. Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey alikuwa na watoto waliozaliwa kabla ya wakati wao, na mashine za kuwatia joto hazitoshi. Wakaanza kumfunga mtoto kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu anavyobeba mtoto wake. Leo njia hiyo inatumika hadi hapa kwetu, pamoja na Hospitali ya Kenyatta pale Upper Hill. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Ghana, Malawi, Nigeria, India na jirani zetu wa Tanzania. Watoto zaidi ya 3,000 wenye uzito wa chini ya kilo 1.8. Wale waliowekwa kifuani mapema baada ya kuzaliwa, bila kungojea kwanza hali yao itulie, vifo vyao katika siku 28 za kwanza vilipungua kwa robo. Robo nzima! Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri iwe hivyo kwa watoto wa namna hiyo.

Hospitali bado ni hospitali. Dawa na oksijeni vilikuwepo. Lakini kifua cha mama nacho kilihesabiwa kuwa tiba.

Na usidhani mtu mzima amehitimu akaacha kuhitaji. Mwaka 2006 mtafiti James Coan na wenzake walichapisha kazi yao juu ya wanawake 16 walioolewa. Waliingizwa kwenye mashine inayopiga picha za ubongo, wakaambiwa huenda wakapigwa shoti ndogo ya umeme mguuni. Wakiwa peke yao, sehemu za hofu kwenye ubongo ziliwaka. Wakishika mkono wa mtu wasiyemjua, zilitulia kidogo. Wakishika mkono wa mume, zilitulia zaidi. Na wale waliokuwa na ndoa yenye amani zaidi ndio waliotulia kuliko wote. Waume mnasikia? Tishio la shoti halikuondolewa. Ni mkono tu uliongezwa.

TUNABANANA LAKINI HATUGUSANI

Sasa turudi Nairobi. Panda 46 ya Kawangware jioni ukitoka tao, au 23 ya kuelekea Kangemi na Uthiru. Goti la jirani liko kwenye paja lako, kiwiko cha mwingine kwenye mbavu, na konda bado anasema kuna nafasi ya mmoja. Pita Tom Mboya saa kumi na mbili jioni uone kama utafika ng'ambo bila kugongwa bega. Huu mji unabana. Lakini kubanwa si kuguswa.

Marko sura ya 5 inajua tofauti hiyo. Umati unamsonga Yesu kila upande. Halafu anasimama kuuliza ni nani aliyegusa nguo zake. Wanafunzi wanashangaa: watu wote hawa wanakusonga, unauliza nani? Lakini Yesu alijua. Mama mmoja aliyetokwa na damu miaka 12 alikuwa amenyosha mkono. Wengi walimsonga, mmoja alimgusa. Na Yesu hakumwacha aende zake kimya kimya na uponyaji wake. Alimtafuta, akamsikiliza ukweli wote, akamwita binti.

Kuna watu kwenye hili kanisa wanasongwa kutoka Jumatatu hadi Jumamosi na hawajaguswa. Kijana analala chumba kimoja Kawangware, analinda nyumba ya watu Lavington usiku, analala mchana, na wiki inaisha. Dada anayelea watoto wa mwajiri wake Kileleshwa anakumbatia watoto wa wengine, wa kwake wako ushago. Mama mmoja mjane, mkongwe, tulipomtembelea aliniambia neno ambalo sijalisahau: kwamba tangu azike mzee wake, mkono pekee unaomshika ni wa nesi anayempima presha. Alisema hivyo akitabasamu. Kisha akasema, "Pasta, mimi huenda kliniki hata siku ambayo sijaambiwa."

Kanisa, tafakari hilo. Mama wa imani anatafuta kliniki kile ambacho angekipata hapa mlangoni.

Tunajua ilivyoanza kwa wengi. Tarehe 13 Machi 2020 tulitangaziwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kabla ya mwezi kuisha makanisa yalikuwa yamefungwa. Tulipofunguliwa Julai, ilikuwa watu 100, saa moja, na wazee waliopita miaka 58 wabaki nyumbani pamoja na watoto wa chini ya 13. Tukajifunza kugota, tukajifunza kugusanisha viwiko. Ilikuwa sawa, tulikuwa tunalinda uhai. Lakini amri iliondolewa, na kuna watu ambao mikono yetu haijawarudia. Na walio wengi kati yao ni walewale tuliowaacha nyumbani mwisho, wazee wetu.

Huu mji unajua nguvu ya mkono. Tarehe 9 Machi 2018, pale ngazi za Harambee House, watu wawili waliokuwa wameligawa taifa katikati, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, walipeana mikono. Siasa zake kila mtu ana maoni yake, na mimbari hii haipigi kura. Lakini siku ile biashara zilipumua, na Kiswahili chetu cha Kenya kikapata neno, handisheki. Ikiwa mikono miwili ya wanasiasa inaweza kupunguza joto la nchi, mikono miwili ya ndugu waliokosana hapa ndani inaweza kufanya nini? Kuna watu wanakaa viti vya mbali kwa sababu ya deni la chama. Nitaachia hapo.

WALIOTANGULIA KUNYOSHA MKONO

Wengine wetu tunakumbuka miaka ya tisini ukimwi ulivyotutia hofu. Watu walitengewa sahani, walitengewa kikombe. Watoto waliozaliwa na virusi waliachwa, hakuna jamaa aliyetaka kuwashika. Mwaka 1992 padre mmoja Mmarekani, Angelo D'Agostino, ambaye pia alikuwa daktari, alianzisha nyumba ya kuwapokea watoto hao. Akaiita Nyumbani. Hata jina lenyewe ni mahubiri. Wakati huo dawa za kupunguza makali zilikuwa bado hazijawafikia watu wetu, kwa hiyo watoto wengi walikuwa wanapokelewa wakiwa na siku za kuhesabika. Walishikwa hata hivyo. Waliogeshwa, walibebwa, walilala mikononi mwa watu. Na kufikia Januari 2004 watu hao walikuwa wamelazimika kwenda mahakamani ili watoto wao wakubaliwe kwenye shule za umma.

Sisi na Wakatoliki tuna tofauti zetu za mafundisho, na hatufichi. Lakini nikisoma Marko 1 na kuitazama Nyumbani mwaka 1992, namjua aliyesoma andiko akalitenda.

Na kwako mshirika unayeishi na virusi leo, sikia: meza dawa zako kila siku, nenda kliniki, na ukija hapa mbele hakuna atakayekuombea akiwa amesimama mbali.

MKONO UNAOUMIZA

Sasa lazima niseme na upande wa pili, maana ngozi inayosikia upendo ndiyo hiyohiyo inayosikia ubaya.

Novemba 2014 mwanamke alivuliwa nguo na wanaume kwenye steji katikati ya huu mji, mchana, kwa sababu hawakupenda alivyovaa. Tarehe 17 mwezi huohuo mamia ya wanawake waliandamana tao kusema kwamba mwili wao si wa umma. Hiyo nayo ilikuwa mikono. Na kuna dada humu ndani ambao kila wakipanda matatu wanaweka mkoba kifuani, si kwa kuogopa mwizi wa simu.

Nyumbani nako. Baba, kama mtoto wako anaujua mkono wako kwa kiboko tu, siku utakayotaka kumbariki atainama akidhani anapigwa. Ule mkono mmoja haujui kubadilisha lugha ghafla.

Na kanisani pia. Tunaamini kuwekea mikono. Tunaamini mafuta, Yakobo 5:14 iko pale na hatuondoi hata herufi. Lakini Paulo anamwambia Timotheo awatendee wanawake wazee kama mama na wanawake vijana kama dada, kwa usafi wote. Usafi wote, si usafi wa hadharani. Mkono ukipita mpaka ukisingizia upako, huo si upako. Ni dhambi, na kama ni wa kuvunja sheria, utapelekwa polisi, hautafichwa ofisini. Nasema hivi mbele ya wazee wa kanisa na wote wamekubali.

Mtazame tena Yesu. Hakumkimbiza mkoma akamshika kwa nguvu. Mkoma ndiye aliyekuja, ndiye aliyeomba. Kipofu Bartimayo naye Yesu alimuuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Mwenye uwezo wote aliuliza. Wewe ni nani usiulize?

Kwa hiyo kuanzia Jumapili ijayo timu ya maombezi itauliza kila mtu: naweza kukuwekea mkono? Akisema hapana, tunamwombea hivyohivyo kwa furaha. Mungu wa akida wa Kapernaumu angali anasikia neno tu. Watoto wataombewa mzazi au mlezi akiwepo. Na kina mama wataombewa na kina mama.

GHARAMA YA MKONO

Namaliza na mstari wa 45. Mtu aliyeponywa alikwenda akatangaza habari kila mahali, hata Yesu hakuweza tena kuingia mjini waziwazi, akakaa nje, mahali pasipo na watu. Umeona kilichotokea? Mwanzo wa habari, mkoma yuko nje na Yesu yuko ndani. Mwisho wa habari, mkoma yuko mjini na Yesu yuko nje. Walibadilishana mahali. Mkono ule ulikuwa na bei, na aliyelipa ni Yesu. Huo ulikuwa mwanzo tu, maana baadaye alitolewa nje ya mji kabisa, msalabani, na mikono ileile ikapigiliwa misumari. Na alipofufuka aliiweka mbele ya Tomaso kama ushahidi.

Mkono wako nao utakuwa na bei. Utachelewa kufika nyumbani. Utashika mkono unaonuka dawa. Utakaa na mgonjwa wa kiharusi ambaye hawezi kukushukuru, umpake mafuta miguuni taratibu, na hakuna kamera. Fanya.

Wiki hii kila ushirika wa nyumbani, kuanzia Kangemi hadi Dagoretti, uandike majina ya washirika ambao ni wajane, wagonjwa wa kitandani na wale wanaoishi peke yao. Watembelewe kabla ya Jumapili, watu wawili wawili. Msiende na mahubiri marefu. Nendeni na unga kama mnao, ulizeni kama mnaweza kuwashika mkono mkiomba, na mkimaliza kuomba msiuachie haraka.

Kama wewe ndiye umekaa nje ya kambi leo, kwa ugonjwa, kwa aibu, kwa jambo ulilotendewa ukiwa mdogo, njoo kama yule alivyokuja. Sema na Yesu kwa maneno yako. Yeye hajawahi kurudisha mkono nyuma.

TUOMBE

Baba, ulitufinyanga kwa udongo na unajua tulivyo. Ponya waliochoka kusongwa na wasioguswa. Ponya walioumizwa na mikono iliyopaswa kuwalinda. Takasa mikono yetu, ya wazee, ya waimbaji, ya wazazi, na yangu mimi mtumishi wako. Tupe ujasiri wa Mwanao wa kushika mahali wengine wanapoogopa, na heshima yake ya kuuliza kwanza. Katika jina la Yesu. Amina.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Linganisha mkoma (Mathayo 8:1–4) na mtumishi wa akida (8:5–13). Kwa nini mmoja aliguswa na mwingine akatumiwa neno?
2. Ni nani kwenye mtaa wenu watu huogopa au huona aibu kumshika mkono?
3. Watoto wetu wakikumbuka mikono yetu miaka 20 ijayo, watakumbuka nini?
4. Majina ya kutembelea wiki hii ni yapi, na nani anakwenda lini?